Jinsi ya kuipima drafti ya timu ya NBA miaka ikishapita, bila kumbebesha Thabeet mzigo wote

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita, drafti ya NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) ikikaribia, lazima kijiweni atokee mtu wa kuleta ule ubishi wetu wa kitaifa, "Memphis walimwacha Stephen Curry wakamchukua Hasheem Thabeet", yani timu ya Memphis Grizzlies mwaka 2009 kumchagua Mtanzania mwenzetu badala ya Curry aliyekuja kuwa nyota, basi hapo wengine wanacheka mpaka wanashika mbavu, mwingine anakasirika kama katukanwa mjomba wake wa damu, na tunaondoka kila mtu na lake. Mimi huu ubishi niko nao tangu 2009 na nimegundua pande zote mbili huwa tunachemka. Nani alikuja kuwa mkali kuliko mwenzie hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Cha kuuliza ni hawa jamaa wa Memphis usiku ule walikosea wapi hasa, walikosea kwa ukubwa gani, na je walipata namna ya kujikwamua.

Kwahiyo nimekaa nikaandika njia ninayotumia mwenyewe, hatua kwa hatua, na nitaipitisha yote kwenye kesi yetu hii hii ya Memphis 2009 kwa sababu ndo tunayoijua na inatuuma, ila inafanya kazi kwa timu yoyote.

Kwa wageni kidogo: drafti ninayoongelea sio ile ya vizibo vya soda. NBA kila mwaka timu zinachagua vijana kwa zamu, raundi mbili, kwa miaka mingi ilikuwa vijana 60, timu zilizofanya vibaya zinatangulia na zile nafasi za juu kabisa zinapigiwa bahati nasibu. Kijana hachagui timu, anachaguliwa. Hilo lishike vizuri maana nusu ya matusi anayopigwa Hasheem yanatokana na watu kulisahau.

Vifaa: daftari, bando, na tovuti ya Basketball-Reference ambayo ina ukurasa wa kila drafti kuanzia zamani, ukibonyeza mwaka unaona majina yote kwa mpangilio na takwimu zao pembeni. Basi.

Hatua ya 1: Jifungie ndani ya usiku wenyewe

Andika tarehe juu ya karatasi. Hapa ni 25 Juni 2009, Madison Square Garden, New York, kwetu ilikuwa usiku wa manane kuamkia tarehe 26. Kila kitu kilichotokea baada ya tarehe hiyo ujifanye hukijui. Hii ndo hatua ngumu kuliko zote na ndo watu wanairuka, maana ukishamwona Curry na vikombe vinne huwezi tena kumwona yule Curry mwembamba wa Davidson, chuo kidogo, aliyeongoza vyuo vyote vya Marekani msimu ule kwa wastani wa pointi 28.6 lakini makocha kibao wakawa wanajiuliza mwili ule utamkaba nani kwenye NBA.

Sasa andika kijana alikuwa nani USIKU ULE. Hasheem: mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, miaka mitatu UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), msimu wa mwisho wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa) 10.8 na blok (mitupo aliyozuia) 4.2 kwa mechi. Timu yake imefika Final Four, nusu fainali ya vyuo, mwaka huo huo. Kwenye ligi yao ya Big East ametajwa mlinzi bora miaka miwili mfululizo, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Wabashiri wengi wa drafti walikuwa wamemweka kwenye tano bora. Ukisoma haya bila kujua ya mbele huoni mtu kichaa anayemchagua namba 2, unaona mtu anayenunua urefu, na urefu kwenye kikapu haufundishwi.

Alafu upande wa pili wa karatasi andika dalili za hatari, zile tu zilizokuwa zinaonekana. Alichelewa kuanza kikapu, alianza akiwa kijana mkubwa tayari. Mpira ukimfikia karibu na kikapu akiwa amewapa mgongo walinzi hakuwa na mbinu nyingi za kumalizia. Na kubwa zaidi, Februari 2009 huyo huyo Blair, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, alimpiga pointi 22 na ribaundi 23, na kuna lile tukio la mechi ile ambapo mikono ilinasana Blair akamrusha Hasheem begani kama gunia la mchele. Yani nguvu ya mwili ilikuwa swali, na swali lilikuwa wazi kwenye TV ya taifa, halikuhitaji skauti.

Na usisahau kuandika hali ya timu. Memphis walikuwa wametoka kushinda mechi 24 na kufungwa 58. Walikuwa na Mike Conley, O.J. Mayo, Rudy Gay, na kule kwenye nafasi ya senta (yule mrefu wa chini ya kikapu) walikuwa na Marc Gasol aliyemaliza msimu wake wa kwanza akiwa vizuri tu. Hilo la Gasol lizungushie duara, tutalirudia.

Hatua ya 2: Weka mezani majina kumi yaliyofuata, basi

Hapa ndo ubishi mwingi unakufa. Ukitaka kupima chaguo usilinganishe na mchezaji bora wa drafti nzima, linganisha na wale kumi waliochaguliwa mara tu baada yake. Kwa nini kumi? Kwa sababu ndo kundi ambalo timu ingeweza kumchukua mmoja wao bila watu kuwashangaa. Kijana aliyechaguliwa namba 41 akaja kuwa mfalme wa dunia, kama Nikola Jokić mwaka 2014, hiyo lawama ni ya ligi nzima, Denver wenyewe walichagua wengine kabla yake usiku ule ule, kwahiyo huwezi kumshika meneja mmoja shati eti kwa nini hukumwona.

Na aliyechaguliwa kabla haingii. Blake Griffin alishaondoka namba 1 kwenda Clippers, kwahiyo mtu akikwambia "wangemchukua Griffin" mnunulie chai asahau.

Kumi waliofuata baada ya Hasheem ni hawa: James Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn, Stephen Curry, Jordan Hill, DeMar DeRozan, Brandon Jennings, Terrence Williams, Gerald Henderson. Sasa fanya kitu ninachokiita jaribio la kufumba macho: hesabu wangapi kati ya hao kumi walikuja kuwa na maisha ya NBA mazuri kuliko aliyechaguliwa. Mimi napata 8 bila ubishi wowote, Flynn na Williams ndo mnaweza kukaa mkavutana. Maana yake Memphis wangefumba macho wakachomoa jina kwenye kofia, mara nane kati ya kumi wangetoka na mtu bora zaidi.

Hii namba ni muhimu kuliko jina la Curry. Chukua Portland 1984 ambao dunia nzima inawacheka kwa kumchukua Sam Bowie namba 2 wakamwacha Michael Jordan akaenda Chicago namba 3. Kumi waliofuata pale ni Jordan, Perkins, Barkley, Turpin, Robertson, Gordon, Thorpe, Wood, Willis na McCormick, mimi nahesabu kama sita waliomzidi Bowie. Na Bowie mwenyewe alicheza mechi 511 za NBA kwa wastani wa pointi 10.9, huyo sio garasa, ni mchezaji wa kawaida aliyekuwa na bahati mbaya ya jirani. Kwahiyo ukipima kwa aliyeachwa, Portland ni balaa kuliko Memphis, ukipima kwa kundi zima Memphis ndo walikosa zaidi. Vipimo viwili, viandike vyote viwili, usichanganye.

Hatua ya 3: Ile namba yenyewe ina bei gani?

Watu wanadhani chaguo namba 2 ni dhahabu ya uhakika. Haya tuangalie namba 2 wote kuanzia 2000 mpaka 2010: Stromile Swift, Tyson Chandler, Jay Williams, Darko Miličić, Emeka Okafor, Marvin Williams, LaMarcus Aldridge, Kevin Durant, Michael Beasley, Hasheem Thabeet, Evan Turner. Kati ya hao 11 waliowahi kuitwa All-Star (mechi ya nyota wa ligi) ni watatu, Chandler, Aldridge na Durant. Watatu! Wengine ni wachezaji wa kawaida, wengine wa kawaida wa chini, na Jay Williams alipata ajali ya pikipiki baada ya msimu mmoja tu ikammaliza.

Kwahiyo unapotoa hukumu anza na matarajio ya haki. Namba 2 kwa miaka ile ukipata mtu wa kuanza mechi kwa miaka saba nane ulikuwa umelipwa chako. Hasheem hakufika hapo, alicheza mechi 224 kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7, tusidanganyane. Lakini umbali alioanguka unapimwa kutoka kwenye hiyo ngazi ya kawaida, sio kutoka kwa Durant.

Fanya hivi kwa namba yoyote. Mtu akikwambia timu yake ilichemka namba 9, mtajie namba 9 wa miaka kumi uone kama ataendelea kubisha.

Hatua ya 4: Chagua saa ya kuhukumu, na useme umechagua ipi

Hii naipenda. Drafti ile ile ya 2009 inabadilika mshindi kulingana na mwaka unaoamka.

Ukiamka 2010 mkali ni Tyreke Evans, mchezaji bora wa msimu wa kwanza, pointi 20.1, ribaundi 5.8, asisti (pasi za kufungisha) 5.8. Na kwa Memphis hilo lilikuwa na chumvi ya ziada kwenye kidonda maana Evans alicheza chuo Kikuu cha Memphis, mechi za nyumbani wanachezea FedExForum, uwanja ule ule wa Grizzlies. Kijana alikuwa anafunga kwenye ubao wao wenyewe mwaka mzima na hawakumchukua! Ukiamka 2011 mkali ni Griffin, aliyekosa mwaka mzima wa kwanza kwa jeraha la goti akarudi akachukua tuzo ile ile. Ukiamka 2012 wanaongelea Harden, mchezaji bora wa akiba. Curry mwaka huo alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu na akasaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44, hela ambayo baadaye ilionekana ndogo mno kwa mtu kama yeye lakini siku ile kuna watu waliona Golden State wanacheza kamari. Alafu 2015 na 2016 Curry anabeba MVP (tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima) mbili mfululizo na kila mtu anajifanya alijua.

Evans naye baada ya mwaka ule wa kwanza hakuwahi tena kufika pale. Kwahiyo aliyeandika 2010 kwamba Memphis kosa lao ni Evans alikuwa sahihi kwa siku ile na leo anachekwa.

Kanuni yangu: usitoe hukumu yoyote kabla ya misimu minne kuisha. Mkataba wa kwanza wa raundi ya kwanza ndo unavyokaa, miaka miwili ya uhakika kisha timu ina hiari ya mwaka wa tatu na wa nne, kwahiyo ndani ya hiyo minne timu yenyewe inakuwa imeshasema inamwonaje mtu wake. Joel Embiid alichaguliwa namba 3 mwaka 2014 akakaa misimu miwili mizima bila kucheza hata mechi moja, na mitandaoni walishamzika, 2023 akawa MVP. Alafu rudia hukumu mwaka wa nane. Zikipishana ziandike zote mbili na tarehe zake.

Hatua ya 5: Majeraha, gawa mafungu mawili

Fupi tu. Jeraha lililojulikana kabla ya drafti ni kosa la timu, jeraha lililokuja baadaye ni bahati mbaya. Bowie alishakosa misimu miwili chuoni kwa mguu kabla Portland hawajamchukua, hiyo waliiona wakaikubali, wabebe. Ajali ya pikipiki ya Jay Williams hakuna daktari angeiona. Greg Oden, namba 1 wa 2007 mbele ya Durant, Portland tena jamani, aliwachezea mechi 82 tu jumla, hesabu ya msimu mmoja, na hapo mimi nawaonea huruma kuliko watu wengi kwa sababu karibu kila mtu alikuwa anamchukua Oden.

Blair tuliyemtaja juu ni mfano mzuri wa upande mwingine. Vipimo vilionyesha magoti yake hayana zile kano za mbele, timu zikaogopa akadondoka mpaka namba 37. Waliomwacha hawakuwa wajinga.

Hasheem hana kisingizio cha jeraha, tuwe wakweli.

Hatua ya 6: Uliza alipelekwa kujifunzia wapi

Mchezaji sio nyanya kwamba ukiinunua Kariakoo au Ilala ni ile ile. Harden tunayemjua alipata Oklahoma City miaka mitatu ya kukua polepole kutokea benchi nyuma ya Durant na Westbrook, alafu akauzwa Houston Oktoba 2012 akapewa mpira wote mkononi. Angekwenda Memphis angegawana nafasi na Mayo na Gay ambao wote walitaka mpira, sijui kama tungeona ndevu zile zikibeba MVP 2018. Inawezekana. Ila usiandike "Memphis walipoteza MVP" kama vile MVP alikuwa amefungashwa tayari kwenye boksi.

Sasa rudia lile duara la Marc Gasol. Kijana mbichi mwenye futi 7 na inchi 3, aliyechelewa kuanza, kitu anachohitaji kuliko vyote ni dakika za kukosea. Memphis walikuwa na Gasol kwenye nafasi yake, alafu wiki chache tu baada ya drafti, Julai 2009, wakamleta Zach Randolph, mtu mwingine wa chini ya kikapu. Hizo dakika zingetoka wapi? Hasheem msimu wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13, na Februari 2010 wakampeleka ligi ndogo, Dakota Wizards, wakati huo hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akashushwa huko. Wabongo tuliilia ile habari kama msiba.

Hapa ndo ninapoiweka lawama yangu na nimeiweka hapa miaka yote: Memphis walinunua mbegu wakati shamba limeshajaa. Mtu wa mradi unamchagua ukiwa na nafasi ya kumlea, la sivyo chukua aliyeiva. Na ukisema "walitaka mlinzi wa kikapu", sawa, lakini Gasol mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mlinzi wa kikapu walikuwa naye tayari, hawakumwamini kwa wakati tu.

Hatua ya 7: Fuata mnyororo mpaka mwisho

Hatua hii watu hawaifanyi kabisa na ndo tamu kuliko zote. Mchezaji akiuzwa, chaguo lako halijafa, limegeuka kitu kingine. Kifuate.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Hasheem Houston pamoja na DeMarre Carroll, ambaye walimchukua namba 27 kwenye drafti ile ile, na chaguo moja la raundi ya kwanza la baadaye, wakapewa Shane Battier na Ish Smith. Battier huyu Memphis wenyewe ndo waliomleta NBA mwaka 2001, kwahiyo ni mtoto wa nyumbani aliyerudi. Miezi miwili haijaisha, 17 Aprili 2011, Memphis wako San Antonio mechi ya kwanza ya mtoano, wao ni namba 8 kwenye msimamo, Spurs ni namba 1, na historia ya klabu kwenye mtoano ni mechi 12 wamefungwa zote 12. Zimebaki kama sekunde 24 Battier anapiga pointi tatu. 101 kwa 98. Ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu umepigwa na mtu aliyekuja kwa kumtoa Hasheem Thabeet.

Niliporuka siku ile jirani alidhani nimefiwa.

Wakawatoa Spurs 4 kwa 2, kisha wakapelekwa mechi saba na Oklahoma City wakatoka, na akina nani walikuwa Oklahoma? Harden, akitokea benchi. Mnyororo una pande zake mbili usiusome nusu. Battier mwaka huo huo akaondoka zake Miami. Carroll naye baadaye akakomaa, akawa mtu wa kuanza kwenye Atlanta iliyoshinda mechi 60 msimu wa 2014-15, kwahiyo kuna kitu Memphis walikitoa bila kujua. Ukijumlisha, walichovuna kutoka namba 2 ni miezi michache ya mkongwe mmoja na risasi moja ambayo pale Memphis hakuna atakayeisahau. Kwa chaguo la juu vile ni kidogo. Ila sio sifuri, na wanaosema sifuri hawakuangalia ile mechi.

(Kituko cha pembeni: Hasheem alisaini Oklahoma City kiangazi cha 2012, msimu haujaanza Harden akauzwa Houston, yani timu ambayo Hasheem alishapita. Namba 2 na namba 3 wakapishana mlangoni.)

Hatua ya 8: Fungua faili zima la meneja

Usimhukumu mtu kwa usiku mmoja. Chukua miaka minne mitano ya meneja yule yule. Kwa Memphis ni Chris Wallace, aliyeanza 2007. Mwaka huo: Conley namba 4, na Conley alizomewa miaka miwili ya mwanzo kabla ya kuwa nguzo ya klabu kwa zaidi ya miaka kumi. 2008: walimchagua Kevin Love namba 5 wakambadilisha usiku ule ule kwenye dili kubwa na Minnesota lililowaletea Mayo. Love akaja kuwa All-Star mara kadhaa, Mayo akaondoka 2012, hiyo mimi naihesabu kosa kubwa karibu sawa na la Hasheem ila haina mzaha ndani yake ndo maana haisemwi. 2010: Xavier Henry namba 12, hakudumu, na Greivis Vásquez namba 28.

Upande wa nje ya drafti: Gasol alikuja 2008 kama sehemu ya dili la kumtoa kaka yake Pau, dili ambalo ligi nzima iliwacheka, na Randolph walimpata kwa kumtoa Quentin Richardson tu. Hao wawili pamoja na Conley ndo walioipeleka Memphis fainali ya Magharibi (moja ya pande mbili za ligi) 2013. Kwahiyo faili linasema meneja huyu drafti yake ni ya kubahatisha lakini sokoni ana jicho. Huwezi kuliona hili kama umekwama usiku wa Juni 2009.

Hatua ya 9: Toa maksi tatu, usitoe moja

Mimi natoa maksi tatu kila moja juu ya 10: uamuzi wa usiku ule, matokeo ya mchezaji, na walivyojiokoa baadaye. Usizijumlishe. Ukijumlisha umerudi kwenye ubishi wa kijiweni.

Memphis na Hasheem: uamuzi 4, kwa sababu wabashiri walikuwa upande wao lakini dalili zilikuwepo na Gasol alikuwepo. Matokeo 1. Kujiokoa 7.

Portland na Oden: uamuzi 8, matokeo 2, kujiokoa naacha wazi maana walikuwa na Aldridge tayari na sio haki kulihesabu hilo kama kujiokoa.

Detroit na Darko 2003, wakawaacha Carmelo, Bosh na Wade kwa mfuatano: uamuzi 4, matokeo 1, lakini mwaka uliofuata, 2004, wakabeba ubingwa huku Darko amekaa benchi, kwahiyo mtu wa Detroit ukimletea huo utani anakuonyesha pete ya ubingwa.

Golden State na Curry: uamuzi nawapa 7, matokeo 10. Ndio, saba. Wangekuwa na uhakika wa kumi wangepanda juu kumfuata, walisubiri namba 7 na akawafikia kwa sababu Minnesota walikuwa na namba 5 na 6 zinazofuatana, wakachukua wachezaji wawili wa nafasi ya gadi, waendesha mpira kama Curry, na wote hawakuwa yeye. Hapo kuna drafti ya kuandikiwa mwongozo wake peke yake.

Ukitaka kujaribu mwenyewe chukua Charlotte 2011 na Bismack Biyombo, kijana wa Lubumbashi, namba 7. Kumi waliofuata wana Kemba Walker, Klay Thompson na Kawhi Leonard ndani yake, ukiishia hapo utaandika msiba. Lakini Walker walimchukua Charlotte hao hao namba 9, Biyombo akadumu ligini zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2016 akiwa Toronto alivuta ribaundi 26 kwenye mechi moja ya fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron, alafu Orlando wakampa dola milioni 72. Mimi nimempa uamuzi 5, matokeo 5, na kwenye kujiokoa nimeandika "hawakuhitaji". Mkipata tofauti leteni hesabu zenu, ila leteni na yale majina kumi.